Fuvu la Kalenga na Mwisho wa Hadithi

Julai 2011, filamu ya mwisho ya Harry Potter ilipoingia kwenye majumba ya sinema, wasomaji waliokwisha kumaliza kitabu chake tangu 2007 walikwenda kuitazama kama mtu anayekwenda kukagua hesabu za duka lake. Kilichokatwa walikisamehe. Kilichowakwama kooni ni kifo cha Voldemort.

Katika kitabu cha J.K. Rowling, mchawi huyo anaanguka ndani ya Ukumbi Mkuu wa shule ya Hogwarts, mbele ya walimu, wanafunzi, wazazi na hata wafuasi wake mwenyewe. Anakufa kama afavyo binadamu yeyote. Maiti yake inabebwa na kuwekwa chumba cha pembeni, isichangamane na maiti za waliouawa wakipigana naye. Katika filamu iliyoongozwa na David Yates, mahasimu wawili, Harry na Voldemort, wanapambana peke yao uani, na Voldemort akishindwa anapukutika vipande vipande, kama karatasi iliyoungua, upepo ukamchukua. Hakuna aliyeshuhudia, na hakuna cha kuzika.

Fimbo nayo ina visa viwili. Kitabuni, Harry anaitumia ile fimbo yenye nguvu kuliko zote kuiunga fimbo yake iliyovunjika, halafu anaamua kuirudisha kaburini kwa Dumbledore, aliyekuwa mkuu wa shule. Kwenye filamu anaivunja katikati na kuitupa kutoka darajani. Fimbo yake mwenyewe haizungumzwi tena.

Watetezi wa filamu husema picha ina sheria zake: vumbi linalopeperuka hupendeza macho kuliko maiti iliyolala sakafuni. Lakini ukilipeleka jambo hili Iringa, swali la maiti halibaki kuwa la mashabiki wa sinema. Mwaka huohuo wa 2011, Seko Shamte alitoa filamu yake, Mkwawa: Shujaa wa Mashujaa, inayochanganya kumbukumbu za kweli na maigizo. Hadithi aliyoishika ilikaa miaka 56 bila kufungwa, kwa sababu kiwiliwili cha Mkwawa, mtawala wa Wahehe, kilikuwa Uhehe na kichwa chake kilikuwa ng'ambo.

Mwanzo wake unajulikana na kila aliyesoma historia shuleni. Tarehe 17 Agosti 1891, msafara wa Wajerumani ulioongozwa na Emil von Zelewski, ambaye Waafrika walimpa jina la Nyundo, uliingia kwenye mtego wa Wahehe pale Lugalo, mashariki ya Iringa ya leo. Zelewski aliuawa, na pamoja naye Wazungu wengine na askari zaidi ya mia mbili. Mkwavinyika, ambaye jina lake lilifupishwa likawa Mkwawa, alikuwa amelishinda jeshi lenye mizinga.

Wajerumani walirudi wamejipanga. Oktoba 30, 1894, ngome ya Kalenga ilianguka, na mmoja wa walioongoza mashambulizi alikuwa Tom von Prince, yule aliyeitwa Bwana Sakarani. Ngome ilichukuliwa, mwenyewe hakupatikana. Kwa miaka minne iliyofuata Mkwawa alihamahama porini, akivamia vikosi na kutoweka. Boma jipya la Wajerumani lilijengwa Iringa. Mpangile, ndugu yake aliyetawazwa na Wajerumani ili achukue nafasi yake, alinyongwa na haohao waliomtawaza, mwaka 1897. Kichwa cha Mkwawa kikatangaziwa zawadi ya rupia 5,000.

Ahadi hiyo ndiyo iliyouumba mwisho wa hadithi. Mwenye kutangaza fedha kwa ajili ya kichwa hudai kuonyeshwa kichwa.

Julai 19, 1898, kikosi cha Sajini Merkl kilimkamata kijana aliyekuwa akimhudumia Mkwawa. Kijana akasema bwana wake ni mgonjwa na yuko karibu. Merkl alinyemelea hadi akaona watu wawili wamelala kando ya moto, akafyatua risasi. Alipowafikia, wote wawili walikuwa wamekwisha kufa kabla yake. Mkwawa alikuwa amejiua kwa bunduki yake mwenyewe ili asitiwe mikononi mwa adui. Merkl akaamuru kichwa kikatwe, akakibeba hadi bomani Iringa.

Kuna jambo la kutazamwa hapa. Sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu siku ile yametoka kwa upande wa waliokuwa wakimwinda. Magdalene von Prince, mke wa Sakarani, aliyeishi Iringa wakati wa vita hivyo, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1903. Ndani ya kitabu hicho mshindi ni yule anayeandika. Wahehe walikuwa na toleo lao, lililosimuliwa kwa mdomo: aliyejiua hakukamatwa, na asiyekamatwa hakushindwa. Tukio moja, visa viwili. Kwa mmoja kichwa ni ushahidi wa ushindi. Kwa mwingine ni kitu kilichoibwa kwa maiti.

Kilichoibwa kikaingia hata kwenye mkataba wa dunia. Horace Byatt, msimamizi wa Kiingereza wa koloni lililonyang'anywa Wajerumani, alipendekeza fuvu lidaiwe, na Mkataba wa Versailles wa 1919, katika ibara ya 246, ukaitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu la Sultani Mkwawa kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita. Ibara hiyohiyo iliagiza pia Kurani ya Khalifa Uthman irudishwe kwa Mfalme wa Hijazi. Wajerumani walijibu kuwa fuvu halionekani. Miezi sita ikawa miaka zaidi ya thelathini.

Hatimaye alikwenda kulitafuta gavana wa Tanganyika mwenyewe. Mwaka 1953 Sir Edward Twining alifika kwenye jumba la makumbusho la Bremen, akakuta mafuvu yapatayo elfu mbili, mengine yakiwa yametoka Afrika Mashariki. Walipunguza idadi kwa kupima umbo la vichwa na kulinganisha na vipimo vya jamaa wa ukoo wa Mkwawa, na mwisho Twining akachagua fuvu lenye tundu la risasi. Tarehe 19 Juni 1954, pale Kalenga, alilikabidhi kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa marehemu, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge la nchi huru.

Twining hakukosa hesabu zake. Kenya ilikuwa ikiungua kwa vita vya Mau Mau, na gavana alihitaji Wahehe wawe upande wa serikali. Kama mwongozaji wa filamu, alijua tamasha lenye wapiga ngoma, askari na sanduku la heshima lingefanya kazi ambayo hotuba isingeweza. Wanahistoria wamelitilia shaka fuvu lenyewe tangu wakati huo: kipimo cha kichwa na tundu la risasi ni ushahidi mwembamba. Wengi waliokuwapo Kalenga siku ile, hata hivyo, hawakuhitaji kipimo. Walihitaji kitu cha kupokea.

Upande wa magharibi, kuelekea Mbeya, kitabu kinafunguliwa ukurasa mwingine. Huko Usangu, Merere, mtawala wa Wasangu, na watu wake walikuwa wameondolewa kwenye nchi yao na Wahehe, wakajenga ngome Utengule katika nchi ya Wasafwa, kwenye eneo la Mbeya ya sasa. Kwao Wajerumani waliokuja kumpiga Mkwawa walikuwa washirika. Nguvu ya Wahehe ilipovunjika, Merere alirejea Usangu. Anayesimulia hadithi hii kutoka Utengule hawezi kumaliza kwa machozi ya Mlambalasi, alikozikwa Mkwawa, na anayesimulia kutoka Iringa hawezi kumaliza kwa furaha ya Utengule. Kila mmoja anaikata filamu pale ambapo kwake inapata maana.

Waandishi wa baadaye walijaribu kuziba pengo hili kila mmoja kwa zana zake. Alison Redmayne, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti wake Uhehe, aliandika mwaka 1968 makala kuhusu Mkwawa na vita vya Wahehe ambayo bado inatumiwa na wanahistoria. Mugyabuso Mulokozi aliipeleka hadithi hiyo jukwaani katika tamthilia yake Mukwava wa Uhehe. Makala ina nafasi ya kusema "inasemekana" na "huenda"; mwigizaji jukwaani hana. Lazima afe, na watazamaji wamwone akifa, kwa mkono wake au wa mwingine. Hapo ndipo hadithi zinapotofautiana, kama zilivyotofautiana Hogwarts ya karatasi na Hogwarts ya skrini: kwenye namna ya kumshusha mtu mkubwa chini.

Msafiri anayetoka Iringa mjini leo kuelekea Hifadhi ya Ruaha hupita njia ya kuingilia Kalenga, kilomita kama kumi na tano kutoka mjini. Huko, ndani ya makumbusho madogo, fuvu limewekwa nyuma ya kioo. Akiendelea na barabara hiyohiyo, mbele zaidi, atafika Mlambalasi, kwenye miamba ambako kiwiliwili kilizikwa bila kichwa. Mwendo wa kati ya vituo hivyo viwili ni wa chini ya saa moja kwa gari.