Sheria mpya ya ununuzi wa umma: ile asilimia 30 ni ya nani?

Halmashauri inaponunua madawati, saruji au chakula cha semina, inatumia fedha za wananchi. Ndiyo maana ununuzi huo una sheria yake. Tanzania imeiandika upya mara kadhaa: 2001, 2004, 2011, na sasa Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya mwaka 2023, iliyoanza kutumika Juni 2024.

Nini kimebadilika?
Zabuni sasa hupitia mfumo wa kielektroniki uitwao NeST. Zamani ulisafiri hadi wilayani kununua makabrasha ya zabuni, kisha ukatumbukiza bahasha sandukuni. Leo kikundi kinaweza kuona tangazo na kuomba kwa njia ya intaneti.

Asilimia 30 ni nini?
Taasisi za umma zinatakiwa kutenga asilimia 30 ya bajeti yao ya ununuzi kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Tusiichanganye na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Ile ni mikopo, nayo hurejeshwa. Hii ni biashara: mnapeleka bidhaa au mnafanya kazi, mnalipwa.

Tuanzie wapi?
Muoneni Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata au halmashauri yenu. Kikundi kisajiliwe, kiwe na akaunti ya benki, kisha kiingizwe kwenye NeST.

Tujihadhari na nini?
Zabuni ina siku na saa ya mwisho. Kijiji kisicho na mtandao mzuri kinaweza kuikosa hata kama sheria inakipa nafasi. Chagueni mwanakikundi mmoja wa kufuatilia mfumo kila wiki, na nywila isiachwe kwa mwenye steshenari.

Akija mfanyabiashara kuazima jina la kikundi ili apate zabuni, kumbukeni kwamba mkataba utakuwa wenu. Kazi ikiharibika, mtakaodaiwa ni ninyi.

Tusiporidhika?
Pelekeni malalamiko kwa maandishi kwa afisa masuuli. Katika halmashauri, huyo ni Mkurugenzi. Msiporidhika na jibu lake, kateni rufaa kwa Mamlaka ya Rufani ya Zabuni za Umma, PPAA. Msikawie, kwa sababu muda wa kulalamika ni siku chache tu.