Thumuni na Reale: Sarafu Kubwa za Dunia na Majina Yake katika Kiswahili

Katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki sarafu ya senti hamsini iliitwa thumuni, au sumni katika vinywa vya wengi. Jina hili lina ajabu yake. Senti hamsini ni nusu ya shilingi, wala si sehemu ya nane. Na thumuni, kwa asili yake ya Kiarabu, maana yake ni sehemu moja katika nane. Mtu akitafuta kitu ambacho senti hamsini ni sehemu yake ya nane, hatakipata katika hesabu ya shilingi, wala katika hesabu ya rupia iliyoitangulia shilingi. Atakipata katika sarafu kubwa ya fedha ambayo leo yaonekana zaidi katika sanduku la mkusanyaji kuliko katika kiganja cha mchuuzi, nayo ni reale. Makusudi ya makala haya ni kuonyesha kwamba historia ya sarafu kubwa haikukamilika kwa kukusanya madini peke yake. Majina nayo yapaswa kukusanywa, kwa kuwa yamehifadhi mambo ambayo sarafu zenyewe hazisemi.

Wapo watu katika kila nchi ambao hupendelea kukusanya sarafu zilizopita kimo cha kawaida, na sababu za ukubwa huo si moja. Huko Sweden mwaka 1644 vilitolewa vibamba vya shaba vya daler kumi, kila kimoja kikiwa na uzito wa kadiri ya kilo 19.7. Shaba ilikuwa nyingi katika nchi ile na fedha chache, tena serikali ilitaka thamani ya sarafu iwe ndani ya madini yake; basi palipohitajiwa thamani kubwa, palihitajiwa pia mgongo wa kuibeba. Haikuwa ajabu kwamba mwaka 1661 benki ya Stockholm ilikuwa ya kwanza katika Ulaya kutoa noti za karatasi. Huko Ujerumani watawala wa Brunswick, tangu mwaka 1574, walipiga sarafu pana za fedha zilizoitwa Löser, na raia wenye mali walilazimishwa kuwa nazo na kuziweka, ili mtawala ajue iliko fedha ya kukimbiliwa siku ya haja. Huko India mfalme Jahangir alipiga mwaka 1613 sarafu ya dhahabu ya mohur elfu moja, yenye uzito wa kadiri ya kilo 12, nayo ilikuwa zawadi ya kifalme na si chombo cha kununulia mchele.

Zama zetu nazo zina majitu yake. Mwaka 2007 Kanada ilitoa sarafu ya dhahabu ya kilo 100, yenye upana wa sentimita 53, na moja katika hizo iliibwa usiku katika jumba la makumbusho la Bode, Berlin, mwezi wa Machi 2017. Mwaka 2011 kiwanda cha sarafu cha Perth, Australia, kilitengeneza moja iliyopita tani nzima. Lakini sarafu za namna hii hazikuingia sokoni kamwe. Hazikupewa jina na wapagazi, wala hazikugongwa juu ya jiwe na mwenye duka apate kusikia mlio wake. Kwa sababu hiyo, kwa mwanafunzi wa lugha, sarafu kubwa yenye maana zaidi ni ile iliyokuwa kubwa na wakati huohuo ikatumika: sarafu ya fedha yenye upana wa kama milimita 40 na uzito unaokaribia gramu 28.

Sarafu hiyo ina nasaba mbili. Nasaba ya kwanza yatoka Joachimsthal, mji wa migodi katika Bohemia, ambao leo huitwa Jáchymov na uko katika Jamhuri ya Cheki. Fedha ilipopatikana huko kwa wingi mwanzoni mwa karne ya 16, mabwana wa ukoo wa Schlick walianza, yapata mwaka 1520, kupiga sarafu nzito zilizoitwa kwa jina la bonde lile. Jina refu likakatwa likawa thaler. Thaler likageuka dollar kwa Waingereza. Na Kiswahili kikapokea dola. Yafaa kukumbuka kwamba neno hili si jamaa ya dola yenye maana ya utawala, ambayo ni ya Kiarabu. Maneno mawili yamekutana katika mavazi mamoja, kila moja likiwa limetoka kwao.

Nasaba ya pili ni ya Hispania. Huko real, yaani ya kifalme, ilikuwa sarafu ndogo ya fedha, na kubwa yake ilikuwa ile yenye thamani ya real nane, iliyopigwa kwa mamilioni katika Meksiko na Potosí. Sarafu hii kubwa ndiyo iliyosafiri. Waarabu waliiita riyal, na watu wa pwani wakaiita reale au riale. Hapa pametokea mageuzi ya kuangaliwa: jina la sehemu limekuwa jina la kitu kizima. Na kitu kizima kilipogawanywa tena kwa nane, sehemu ile, ambayo Mhispania angaliiita real, ilipata jina jipya la thumuni.

Mwaka 1870 Edward Steere alipotoa kitabu chake cha kufundisha lugha ya Kiswahili kama ilivyosemwa Unguja, aliandika chini ya neno reale aina zilizokuwa zikijulikana wakati ule. Orodha ile ni fupi, lakini mkusanyaji wa sarafu angeweza kupanga sanduku lake kwa kuifuata. Ipo reale ya mzinga, ipo reale ya Sham, ipo reale ya Fransa, na ipo reale ya dhahabu, ambayo ni sarafu ya Marekani ya dola ishirini.

Reale ya mzinga ni ile ya Hispania. Tangu mwaka 1732 kiwanda cha Meksiko kilipiga sarafu zenye picha ya nguzo mbili zilizosimama kando ya duara mbili za dunia. Nguzo zile ni ishara ya mlango wa bahari wa Jabal Tarik, mahali ambapo watu wa kale walidhani dunia inakoma. Lakini mtu wa pwani, aliyeiona mizinga juu ya kuta za ngome na ubavuni mwa merikebu, hakuona nguzo, aliona mizinga. Waarabu nao waliona vivyo hivyo, wakaiita sarafu ile baba wa mzinga. Si haki kulihesabu jina hili kuwa ni kosa la wasiojua. Ni usomaji wa picha kwa macho ya watu walioijua vema nguvu iliyoleta fedha ile baharini.

Reale ya Sham ni ile ya Maria Theresa, malkia wa Austria, aliyetawala tangu mwaka 1740 hata kufa kwake tarehe 29 Novemba 1780. Austria si Sham, wala Sham haikuipiga sarafu hii. Jina laonyesha njia, si chimbuko: thaler ziliingia katika biashara ya nchi za mashariki ya Bahari ya Kati, zikashuka Misri na Bahari ya Shamu, ndipo zikafika Arabuni, Uhabeshi na pwani ya Waswahili. Wajerumani wenyewe waliiita sarafu hii thaler ya Levante, yaani ya nchi hizohizo. Hivyo majina mawili, la Kijerumani na la Kiswahili, yanashuhudia njia moja kutoka ncha zake mbili.

Habari ya sarafu hii haina mfano. Malkia alikufa, lakini sarafu yake haikufa. Wateja wa Bahari ya Shamu walikwisha kuizoea sura yake, na sarafu yenye sura au tarehe nyingine waliikataa. Kwa hiyo iliendelea kupigwa kwa tarehe ileile ya 1780, kwa gramu 28.0668 na usafi wa sehemu 833 katika elfu, hata baada ya mwaka 1858 ilipoacha kuwa fedha halali katika Austria yenyewe. Mwaka 1935 Italia, ikijiandaa kuivamia Uhabeshi, ilipata chapa zake kutoka Vienna, na sarafu ikapigwa Roma. Baada ya hapo London, Paris, Brussels na Bombay nazo zikapiga. Mkusanyaji wa leo hawezi kuiamini tarehe iliyo juu ya sarafu. Humbidi ahesabu shanga za bizimu begani mwa malkia, apime manyoya ya mkia wa tai mwenye vichwa viwili, na asome maneno ya Kilatini yaliyo ukingoni, yenye maana ya haki na huruma. Mfanya biashara wa Arabuni na wa Uhabeshi alitazama shanga zizo hizo zamani, ila yeye hakutafuta aina adimu, alitafuta uaminifu.

Reale ya Fransa ilikuwa sarafu ya faranga tano, yenye gramu 25. Hapa msomaji wa hati za kale ana haja ya hadhari. Katika Yemen riyal ya Fransa ni jina la thaler ya Maria Theresa, ilhali katika Unguja, kwa ushahidi wa Steere, ni sarafu ya Kifaransa kweli. Tofauti si ya maneno matupu. Fedha safi katika reale ya Sham ni kama gramu 23.4; katika reale ya mzinga ni zaidi ya gramu 24; katika faranga tano ni gramu 22.5. Deni la reale elfu moja lililoandikwa bila kutaja aina laweza kupungua au kuzidi kwa zaidi ya kilo nzima ya fedha, kulingana na tafsiri ya neno moja. Mwanahistoria atakayefasiri reale zote kwa neno moja la dola atakuwa ameyachanganya ambayo wenyewe waliyatenga.

Sayyid Barghash, aliyetawala Unguja tangu mwaka 1870 hata 1888, alitaka nchi yake iwe na reale yake yenyewe. Mwaka wa Hijra 1299, yaani 1882, ilitolewa reale ya fedha yenye maandishi ya Kiarabu pasipo sura ya mtu. Leo ni miongoni mwa sarafu zinazotafutwa sana na wakusanyaji, lakini katika soko haikuweza kushindana na rupia ya India, iliyokuwa ikienea. Wajerumani nao walipiga rupia zao, na mwaka 1893 na 1894 wakatoa rupia mbili, sarafu pana yenye sura ya Kaizari mwenye chapeo. Nayo haikudumu.

Sasa thumuni yaweza kujibiwa. Reale moja ilibadilishwa kwa rupia mbili na zaidi kidogo; basi thumuni ya reale ilikuwa karibu sawa na robo rupia, na robo rupia ilikuwa sarafu iliyoshikika mkononi. Rupia ilipofutwa bara na Mombasa katika miaka ya 1920 na 1921, kila moja ilihesabiwa kuwa shilingi mbili. Robo yake ikawa senti hamsini. Reale ilikwisha kuondoka, rupia nayo ikaondoka, lakini jina la sehemu ya nane likabaki likiishikilia sarafu ya nusu shilingi. Unguja hesabu haikuwa hiyo, kwani rupia ya huko ilibadilishwa mwaka 1936 kwa shilingi moja na nusu. Chimbuko la matumizi haya, kwa hiyo, latafutwa kwanza katika masoko ya bara na Mombasa.

Reale nyingi hazikusalimika. Sonara walizitia motoni, zikatoka mafurungu, kekee na mikufu, kwa maana fedha iliyokuwa akiba ya mwanamke iliweza kuvaliwa vilevile kama ilivyoweza kufukiwa. Iliyoyeyushwa hairudi, na iliyopigwa upya yasema 1780 hata kama ilipigwa London. Majina hayakuyeyushwa, wala hayakupigwa upya kwa tarehe ya uongo. Lakini yana hatari yake, nayo ni kusahauliwa. Senti hamsini ilipopoteza nguvu ya kununua, thumuni nayo ilikosa kazi. Anayekusanya sarafu kubwa huandika upana, uzito na kiwanda cha kila moja. Ingefaa kando ya hayo aandike pia jina iliyoitwa na waliotumia, mahali walipoiita hivyo, na sehemu zake kwa majina yake. Na mtunga kamusi, akilikuta neno thumuni, asitosheke kuandika senti hamsini.