Kula kwa Jukwaa: Miaka 40 ya Ira Aldridge

Tukimtaja Ira Aldridge, kama tunamtaja kabisa, huwa ni kwa usiku mmoja: tarehe 10 Aprili 1833, mwigizaji mweusi anapanda jukwaa la Covent Garden, London, kucheza Othello. Hadithi tamu, ina kila kitu. Lakini mimi kinachonikera si usiku ule, ni asubuhi zilizofuata. Mlango wa Covent Garden umefungwa, magazeti yamekwisha kumchana, ana mke nyumbani na umri wake ni miaka 25. Alikulaje mwaka 1834? Alikulaje mwaka 1840? Maana jamaa huyu alikuja kufa mwaka 1867 akiwa bado mwigizaji, hana kazi nyingine ya pembeni.

Alizaliwa New York mwaka 1807, mtoto wa mhubiri. Mjini humo, mwanzoni mwa miaka ya 1820, kulikuwa na African Grove, ukumbi wa watu weusi wakicheza Shakespeare kwa ajili ya watu weusi. Wazungu wenye fujo waliuvamia, polisi nao wakawakamata waigizaji badala ya wavamizi. Kijana aliyeona hayo akajua mapema kuwa Marekani atapata kipaji tu, riziki hapati. Mwaka 1824 akavuka bahari hadi Liverpool, na mwaka uliofuata, akiwa na miaka 18, jina lake lilikuwa kwenye mabango ya Coburg, ukumbi ambao leo ni Old Vic.

Jina gani, lakini? Kwanza alijiita Keene. Mwigizaji mkubwa kuliko wote Uingereza wakati huo alikuwa Edmund Kean, na matamshi ni yale yale. Ujanja wa sokoni, bwana. Baadaye akaitwa “Roscius wa Afrika”, kwa kumbukumbu ya mwigizaji maarufu wa Roma ya kale, na kikatoka kijitabu kilichosema ukoo wake ni wa wafalme wa Kifulani kule Senegali. Wapo wanaomlaumu kwa uongo huo. Mimi siwezi. Watazamaji walitaka mwana wa mfalme kutoka Afrika. Mtoto wa mhubiri wa New York nani angemlipia kiingilio?

Covent Garden nitaipita haraka. Machi 1833 Kean aliishiwa nguvu jukwaani akiwa Othello, na hakurudi tena. Aldridge akaitwa kuziba pengo. Watazamaji walimshangilia. Magazeti yalikuwa na jambo lao: Bunge lilikuwa linabishania kukomesha utumwa, na mtu mweusi kumshika mkono Desdemona, aliyechezwa na Ellen Tree, lilikuwa jambo lisilovumilika kwa baadhi ya wahariri. Alicheza mara mbili, kisha basi. Agosti mwaka huo huo sheria ya kukomesha utumwa ikapita. Covent Garden haikumwita tena.

Sasa ndiyo tunafika kwenye kazi. London ya wakati huo, na hadi mwaka 1843, ilikuwa na kumbi chache mno zenye hati ya kifalme ya kuonyesha tamthilia kamili za maneno. Ukifungiwa huko, juu kwenye ngazi hakuna pa kushika. Lakini nje ya London kulikuwa na mamia ya miji yenye kumbi zake: Uingereza, Scotland, Wales, Ireland. Aldridge akaigeuza njia hiyo kuwa shamba lake. Mwaka 1828 alikuwa amekwisha kuendesha ukumbi wa Coventry, akiwa na miaka 20 tu, kwa hiyo hesabu za mlangoni alizijua.

Utaratibu ulikuwa hivi. Nyota mgeni anafika mjini na orodha ya michezo anayoimudu. Kundi la wenyeji linaijua michezo hiyo pia, hivyo mazoezi ni ya kubahatisha, pengine asubuhi moja. Mnacheza siku chache, kila usiku mchezo tofauti, na usiku wa mwisho mapato, yakiondolewa gharama, ni ya mgeni. Kisha mizigo kwenye gari la farasi, mji mwingine.

Kuishi hivyo kulidai akiba kubwa kichwani. Othello peke yake isingemlisha: mji ukishaiona, umeiona. Kwa hiyo akajipaka rangi nyeupe na kucheza Shylock (yule yule tuliyekutana naye katika Mabepari wa Venisi ya Mwalimu Nyerere), Macbeth, Richard III, na Lear. Aliimba, akapiga gitaa. Titus Andronicus ikaandikwa upya kwa ajili yake, hadi Aaron yule mwovu akatoka shujaa.

Na alicheza Mungo. Jina si letu, msishtuke. Mungo ni mtumwa mlevi wa kuchekesha katika mchezo wa The Padlock wa mwaka 1768, kichekesho kilichobuniwa na wazungu ili wamcheke mtu mweusi. Kuna usiku Aldridge alikuwa Othello saa ya kwanza na Mungo saa ya mwisho, na ukumbi ulikufa kwa kicheko. Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu. Alijidhalilisha? Au aliwaonyesha kuwa mtumwa yule naye ni vazi, kama lilivyo vazi la jemadari? Nina hakika na jambo moja tu: bila Mungo, miji mingi isingemwita tena, na bila kuitwa tena asingekuwepo wa kuhutubia. Maana ilikuwa desturi yake, usiku wa kuaga, kusogea mbele ya jukwaa na kusema dhidi ya utumwa, mbele ya watu wale wale waliotoka kucheka.

Mwaka 1852 akahamishia njia yake Ulaya bara. Berlin mfalme wa Prussia akampa nishani ya dhahabu. St Petersburg, mwaka 1858, yeye alisema Kiingereza na wenzake Kijerumani, na Warusi wakalia. Huko akawa rafiki wa mshairi Taras Shevchenko, aliyewahi kuwa mtwana. Hawakuwa na lugha moja, Shevchenko akamchora picha.

Mwaka 1865 alicheza Othello pale Haymarket, London, miaka 32 baada ya Covent Garden. Miaka miwili baadaye, akiwa na 60, mipango ya kwenda kuigiza Marekani ilikuwa inaiva, utumwa ukiwa umekwisha kufutwa kule. Alifia Łódź, Poland, tarehe 7 Agosti 1867, akiwa safarini kikazi, na ndiko alikozikwa. Binti yake Amanda akawa mwalimu wa sauti London, na miongoni mwa waliopita mikononi mwake ni Paul Robeson, aliyecheza Othello mjini humo mwaka 1930.