Daftari la Mama Ntilie na Pointi za Simu: Nani Anashika Kumbukumbu ya Mteja?

Wiki chache zilizopita nilipita kumsalimia mama mmoja aliyenilisha kwa miaka mitatu nilipokuwa mwanafunzi jijini Dar es Salaam. Banda lake lingalipo, ingawa mabenchi yamebadilishwa na masufuria yameongezeka. Baada ya shikamoo na marahaba, akanitilia wali na maharage bila kuniuliza ninataka nini, kisha akamwita mwanawe anieleze jambo walilokuwa wakibishania. Kijana amesikia habari za programu ya simu inayowaunganisha walaji na wauza chakula. Mteja huagiza kwa simu janja, bodaboda hubeba chakula, na kila oda humpa mteja pointi ambazo baadaye hugeuka punguzo la bei. Kijana anataka waingie. Mama alikuwa na swali moja tu: "Mwalimu, hilo daftari la wateja litakaa kwa nani?"

Siku ile nilimjibu kwa maneno ya kuzungukazunguka, na nilipofika nyumbani niliona haya. Mama alikuwa ameuliza swali la historia, nami hiyo ndiyo kazi yangu. Makala haya ni jaribio la kumjibu.

Tuanze na neno lililo mdomoni mwetu kila siku: kibarua. Ni barua ndogo. Katika Zanzibar ya karne ya 19, mtu aliyekodishwa kwa kazi ya siku alipewa kikaratasi cha kuthibitisha kazi yake, na jina la karatasi likamgeukia mwenye kuibeba. Baadaye, katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika, mfanyakazi alipewa kipande, yaani kadi yenye nafasi 30. Kila alipomaliza kazi ya siku, kadi ilitiwa alama, na ujira kamili ulikuja nafasi zote 30 zilipojaa. Aliyeondoka kabla kadi haijajaa alijiweka katika hatari ya kupoteza jasho lake. Ndugu msomaji, itazame leo kadi ya mgahawa isemayo "kunywa kahawa mara tisa, ya kumi bure". Sisemi kwamba mambo haya mawili ni sawa. Mnywa kahawa halazimishwi na mtu. Nasema kwamba mbinu ni moja: thawabu huwekwa mwisho wa safari ili mtu asikatishe safari.

Wafanyabiashara wa Marekani waliitumia mbinu hiyo kwa wanunuzi mapema. Mwaka 1896 ilianzishwa kampuni ya Sperry & Hutchinson, iliyokuja kujulikana kwa stempu zake za kijani. Mwenye duka alinunua stempu kwa kampuni hiyo, akawapa wateja kulingana na manunuzi yao. Mteja akazibandika kitabuni, na kitabu kilipojaa akakibadilisha kwa bidhaa. Katika miaka ya 1960 stempu hizo zilikuwa kila mahali. Lakini hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Duka la kwanza mtaani kutoa stempu liliwavuta wateja wa jirani. Maduka yote yalipotoa stempu, hakuna aliyemvuta wa mwenziwe, ila kila mmoja aliendelea kulipia stempu, na gharama hiyo ikaingia katika bei. Aliyekuwa na hakika ya faida ni mwenye kuuza stempu.

Stempu, hata hivyo, haikumjua mtu, na mwenye duka hakujua kitabu kimejazwa na nani. Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1981, shirika la ndege la American Airlines lilipoanzisha mpango wake wa kuwatuza wasafiri wa mara kwa mara. Shirika hilo lilikuwa na mfumo wa kompyuta wa kuhifadhi nafasi, uitwao Sabre, na humo liliweza kuona nani anasafiri, lini, na kwenda wapi. Kuanzia hapo tuzo ikafungamana na jina, na uaminifu wa mteja ukawa kumbukumbu inayoweza kutunzwa na kuchambuliwa.

Migahawa ilifuata taratibu. Mwaka 1994 Pizza Hut ilianza kupokea oda kupitia intaneti katika mji wa Santa Cruz, California. Mwaka 2001 Starbucks ilitoa kadi ambayo mteja huijaza fedha kabla ya kunywa, na mwaka 2015 ilieneza kote Marekani huduma ya kuagiza na kulipa kwa simu. Hapa kwetu njia ilifunguliwa na fedha za simu. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na kufika Tanzania mwaka 2008. Safaricom ikawa na Bonga Points zake, na mwaka 2020, wakati wa janga la korona, iliwaruhusu wateja kulipia bidhaa madukani kwa pointi hizo. Pointi ikakaribia kuwa fedha.

Sasa turudi kwenye banda la mama. Yeye hana pointi, ana mali kauli: unachukua leo, unalipa mwisho wa mwezi, na dhamana ni neno lako. Katika nchi hii mkopo mdogo una historia chungu. Katika miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ya Tanganyika iliweka sheria ya kuzuia mikopo kwa wenyeji. Mfanyabiashara asiye Mwafrika aliyemkopesha Mwafrika bila idhini ya maandishi ya serikali hakuweza kulidai deni lile mahakamani. Ilielezwa kuwa ni kinga dhidi ya madeni, lakini matokeo yake ni kwamba Mwafrika alifungiwa mlango wa mkopo rasmi wa kibiashara. Kukopeshana kwa kujuana, mtaani na sokoni, kulijaza pengo ambalo sheria na benki ziliacha. Daftari la mama ntilie ni mrithi wa historia hiyo.

Mimi mwenyewe niliandikwa humo. Kuna muhula fedha zangu za kujikimu zilichelewa, nikala kwa deni kwa wiki saba. Nilipokwenda kulipa, mama alihesabu wiki sita. Nilipomkumbusha ile ya saba, akasema, "Ile ulikuwa unaumwa, mwanangu, hukumaliza hata sahani moja." Sijapata kuona programu ya simu yenye kumbukumbu ya namna hiyo.

Tofauti kubwa, basi, haiko kati ya karatasi na kompyuta. Iko katika swali la nani anamkopesha nani. Kwa mama, muuzaji humkopesha mlaji. Katika mipango ya pointi na kadi za kujaza fedha, mlaji humkopesha muuzaji. Taarifa za fedha za Starbucks za miaka ya karibuni zinaonyesha kwamba fedha ambazo wateja wamekwisha kulipa lakini hawajazitumia huzidi dola bilioni 1.6. Wateja hawapati riba kwa fedha hizo. Zaidi ya hayo, kila mwaka kampuni huhesabu takriban dola milioni 200 kuwa mapato, kwa kuwa inakadiria kwamba wenyewe hawatazitumia kamwe. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Hapa mkopaji ana harusi siku zote, kwa kuwa sehemu ya deni husahauliwa na wadai wenyewe.

Swali la pili ni la kumbukumbu. Juni 2022 mamlaka za faragha za Kanada zilitoa ripoti kuhusu programu ya simu ya mikahawa ya Tim Hortons. Walibaini kwamba ilikuwa ikifuatilia mahali walipo watumiaji kila baada ya dakika chache, hata pale programu ilipokuwa imefungwa. Mtu alitaka kahawa, naye akawa ametoa ramani ya maisha yake. Kwetu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Kenya ilikuwa na yake tangu 2019. Sheria tunazo, kinachobaki ni wananchi kuzijua na kuzidai.

Swali la tatu linamhusu muuzaji mwenyewe. Jukwaa la kuagizia likisimama katikati, mteja si wa banda tena, ni wa jukwaa. Huko Marekani ada za majukwaa zilifikia asilimia 30 ya thamani ya oda, hata Baraza la Jiji la New York likaamua mwaka 2021 kuweka ukomo wa kudumu wa asilimia 15 kwa huduma ya kupeleka chakula. Na jukwaa lenyewe laweza kuondoka. Desemba 2023 Jumia ilitangaza kufunga huduma yake ya chakula katika nchi zote ilikobaki, zikiwemo Kenya na Uganda. Muuza chakula ambaye wateja wake wote walipitia humo alipaswa kuwatafuta upya, kwa kuwa majina na namba hazikuwa zake. Somo la stempu za kijani limerudi, ila safari hii anayesimama katikati anawajua wateja kwa majina.

Sina nia ya kumzuia kijana. Ana haki ya kutaka wateja walio mbali na benchi la mama yake, na mvua ikinyesha banda hukosa watu ilhali maofisini watu wana njaa. Mama naye si mtu wa kale anayeogopa simu. Lipa namba anayo, na huitazama kila jioni. Anachokataa ni kukabidhi kitu asichoambiwa bei yake.

Kwa hiyo juzi nilirudi, nikawaambia hivi. Ingieni, lakini ulizeni kwanza ada ni asilimia ngapi na nani anagharamia punguzo la pointi. Ulizeni kama mnaweza kupata namba za wateja wenu kwa ridhaa yao. Msiache kuuza mezani, wala msiruhusu oda za jukwaa zipite nusu ya mauzo. Kijana aliandika yote kwenye simu. Mama alifungua daftari lake, akaandika mstari mmoja, akalifunga. Sikuuliza ameandika nini. Nililipia chai yangu, akanirudishia chenji, na daftari akalirudisha chini ya meza, mahali palepale lilipokuwa nilipokuwa mwanafunzi.