Nywele zilizonyonyoka kwa kukosa vitamini: je, hurudi?

Jibu fupi ni ndiyo, mara nyingi hurudi, ikiwa kweli chanzo ni upungufu. Kwenye hilo "ikiwa" ndipo pesa za wengi zinapopotelea. Mtu anaona nywele kwenye kitana, anakimbilia duka la dawa, anatoka na chupa ya tembe bila kupimwa chochote.

Kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida. Mwili ukipata mtikisiko, kama uzazi, homa kali au lishe duni ya muda mrefu, nywele nyingi huingia mapumzikoni kwa pamoja, kisha hunyonyoka baada ya miezi 2 au 3. Kwa hivyo usitafute sababu kwenye ulichokula jana. Habari njema ni kwamba mzizi haufi, ndiyo maana nywele huweza kuota tena.

Huku kwetu, mshukiwa wangu wa kwanza kwa wanawake si vitamini hata. Ni madini ya chuma. Hedhi nzito na mimba za kufuatana huyamaliza, na akiba yake yaweza kushuka kabla damu yenyewe haijapungua. Mwombe daktari apime damu pamoja na akiba hiyo, iitwayo feritini. Usimeze tembe za chuma kwa kubahatisha, kwani chuma kikizidi mwilini pia hudhuru.

Chakula tunacho: maini, nyama, dagaa, kunde, mbaazi. Tatizo ni kwamba tunateremsha mbaazi na mahamri kwa chai, na chai huzuia mwili kufyonza chuma cha nafaka na mboga. Kunywa chai saa moja au mbili baadaye, na kamua ndimu au kula chungwa pamoja na chakula, kwani vitamini C husaidia kukifyonza. (Najua, mahamri bila chai ni mtihani.)

Vitamini D nayo hutajwa sana, ingawa uhusiano wake na nywele bado unabishaniwa. Hata nchi za Ghuba, zenye jua kali, zina watu wengi walioipungukiwa. Sisemi mtu avue buibui. Ua wa nyumba upo.

Biotini ndiyo inayouzwa kwa kelele zaidi, na upungufu wake ni nadra. Ikimezwa kwa wingi huweza kupotosha vipimo vya tezi ya shingo na vya moyo, hivyo mwambie mtu wa maabara kama unaitumia. Vitamini A ikizidi, yenyewe hunyonyoa nywele. Mafuta ya nazi hupunguza kukatika, lakini hayajazi pengo la chuma.

Ukitibiwa ipasavyo, kunyonyoka hupungua ndani ya miezi 3 hadi 6. Nywele huota kama sentimita 1 kwa mwezi, kwa hivyo urefu wa zamani utachukua mwaka na zaidi. Subira inahitajika.

Upara wa kurithi hauponi kwa vitamini. Nywele za kipajini zilizong'olewa na misuko ya kubana hurudi ukiacha mapema. Ukiendelea miaka mingi, ngozi hufanya kovu na hapo hazioti tena. Na ukiona kiraka cha mviringo, au kichwa cha mtoto kina magamba, hilo huenda ni choa au ugonjwa mwingine. Mpeleke hospitali.