Mwanamke wa maabara: kutoka kwenye kupe hadi kwenye miti

Ndugu wakulima na wafanyabiashara wa Madaba, msimu ukikaribia huwa naulizwa mbegu gani inafaa. Ni nadra mtu kuuliza nani aliyeizalisha. Maharage ya Pesa na Mshindi, kwa mfano, yalitolewa mwaka 2006 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), na mmoja wao ni Profesa Susan Nchimbi-Msolla. Mwanamke kufika hapo kuna historia yake, na nitaieleza kupitia mtu mnayemjua kwa jina, Wangari Maathai wa Kenya.

Wengi wanamjua kwa miti. Kabla ya miti alikuwa mtafiti wa mifugo. Mwaka 1966 alirudi Nairobi kutoka Marekani akiwa na shahada ya uzamili ya biolojia, na barua ya kazi mkononi. Alipofika kuripoti chuo kikuu, akaambiwa nafasi amepewa mtu mwingine. Baadaye aliandika kwamba aliona hapo ubaguzi wa kabila na wa jinsia pamoja.

Hadithi ingeishia hapo kama asingekutana na Profesa Reinhold Hofmann, Mjerumani aliyekuwa akijenga idara ya anatomia ya mifugo. Alimpa kazi, akamhimiza aende Ujerumani kuongeza masomo. Mwaka 1971 Wangari akapata udaktari wa falsafa, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati. Akili alikuwa nayo tangu mwanzo. Kilichoongezeka ni mkubwa mmoja wa kumshika mkono.

Hata hivyo, kuingia chuoni hakukumaliza mambo. Wahadhiri wanawake walipata marupurupu pungufu kuliko wenzao wanaume, zikiwemo nyumba, kwa hoja kwamba mwanamke aliyeolewa ana mume wa kumpa nyumba. (Hoja hiyo hata kwenye ugawaji wa mashamba tunaisikia.) Yeye na mwenzake Vertistine Mbaya wakadai haki sawa. Mahakama ilikataa chama chao kiwe cha wafanyakazi, lakini madai yao mengi yalikuja kukubaliwa.

Sasa sikiliza sehemu inayomhusu mfugaji. Miaka hiyo alikuwa akichunguza ndigana kali, akienda vijijini kukusanya kupe kwenye ng'ombe. Huko akaona ng'ombe waliokonda, mito iliyojaa tope na akina mama wanaohangaika kupata kuni. Akaunganisha mambo hayo, na tarehe 5 Juni 1977 wakapanda miti saba Nairobi. Ndivyo ulivyoanza mradi wa miti wa akina mama wa vijijini. Maofisa misitu waliwaambia kupanda miti kunahitaji watu wenye diploma! Sisi huku Madaba, ambako bibi asiye na diploma ana shamba la misindano, tunacheka. Mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel.

Je, hali ilibadilika? Uchunguzi wa mwaka 2008 katika nchi 15 za Afrika ulionyesha kuwa kati ya kila wataalamu 100 wa utafiti na elimu ya juu ya kilimo, wanawake walikuwa 24 tu. Kwenye nafasi za uongozi walikuwa 14. Mwaka huohuo ulianza Nairobi mpango wa AWARD, baada ya majaribio ya Afrika Mashariki. Mtafiti mwanamke anapewa mkubwa wa kumlea kitaaluma, naye anamlea mdogo wake. Kwa maoni yangu sehemu hiyo ya pili ndiyo yenye nguvu, maana inazaa.

Mfanyabiashara hutazama rangi ya harage. Mama anayepika huuliza linaiva kwa kuni kiasi gani. Swali hilo lisipokuwa na mtu maabara, linaweza kusahaulika.

Kwa mwenye binti sekondari: anapochagua masomo, asiache kemia kwa kuambiwa ni ya wavulana. Kidato cha tano michepuo ya PCB, CBG na CBA inaelekea SUA. Akiishia kidato cha nne na ufaulu wa sayansi, vyuo vya kilimo kama MATI Uyole vinapokea. Na kama hana wa kumuuliza, mlete ofisini siku ya kazi, aje na matokeo yake.