Chubwi, Bildi na Timazi

Kuaka ni kujenga kwa mawe au matofali. Kitenzi hiki kinapotea vinywani, lakini mwanawe, mwashi, yu hai. Kazaliwa kama alivyozaliwa mpishi kutokana na pika na mwandishi kutokana na andika. Basi kwa nini tuseme "fundi ujenzi"? Seremala naye hujenga, mpaka rangi naye yumo. Anayepanga matofali ni mwashi.

Chombo chake cha kwanza ni mwiko. Ni neno lile lile la jikoni, na limekaa mahali pake: kote kuwili mtu huchota, hugeuza, husawazisha. Mwiko wa makatazo haushikiki mkononi, kwa hiyo hauleti utata. Neno hili halitaki mbadala.

Penye utajiri ni kwenye risasi na uzi. Hapa Pemba mvuvi hufunga chubwi kwenye mshipi ili ndoana izame. Nahodha hushusha bildi kujua kina cha maji. Mwashi naye huning'iniza timazi kando ya ukuta, akangoja itulie, kisha akatazama nafasi iliyopo baina ya uzi na tofali, juu na chini. Vyote vitatu ni kitu kizito kilichofungwa kambani, na lugha ingeweza kuviita kwa jina moja. Haikufanya hivyo, imevipa majina kwa kazi zake: kuzamisha, kupima kina, kuhukumu wima. Nawasihi walimu wa ufundi wasiitupe tofauti hii kwa kuandika "uzi wenye uzito". Ukuta ulio wima tuuite ukuta wa timazi.

Pimamaji, chombo cha kupimia usawa, nalo ni neno la kutunzwa, hasa leo ambapo "levo" inalisukuma pembeni. Levo haimwambii mwanagenzi chochote. Pimamaji humfunza kanuni yenyewe, kwamba maji yakitulia hayana mteremko. Ndiyo maana mwashi hujaza maji katika mpira mwangavu na kuhamisha usawa kutoka pembe hii ya msingi hadi ile. Kiputo cha kwenye fimbo ya pimamaji kinafanya kazi hiyo hiyo kwa masafa mafupi.

Karai limetoka India, limeshakuwa letu. Ubao wa kuwekea saruji karibu na mkono ningeuita chano, jina la sinia la mti.

Palipo na pengo ni kwenye kile chuma chembamba kinachopitishwa kwenye maungio ya matofali kabla saruji haijakauka. Wengi husema "kupiga pointi", na chuma chenyewe hakina jina. Mstari uliochimbika tunao tayari: mfuo. Kifuo kimeshachukuliwa na wafua nazi, kwa hiyo napendekeza chuma cha mfuo, na kazi yake iwe kutia mfuo.

Msomaji, kabla hatujalipeleka jina hili Baraza la Kiswahili la Zanzibar, litamke mbele ya mwashi aliye kazini. Likimkwaa ulimini, muulize yeye angesemaje, utuletee jibu lake.